Bata wa Mwituni: Historia ya Neno Moja na Ndege Wengi

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwetu sisi tunaoshughulika na istilahi, zile zinazoonekana nyepesi ndizo aghalabu hutukwamisha. Si siku nyingi zilizopita tuliletewa orodha ya ndege wa majini iliyofasiriwa kwa Kiswahili, tukaombwa tuihakiki kabla haijapigwa chapa. Orodha hiyo ilikuwa na majina kumi na manne ya kigeni. Katika safu ya Kiswahili mfasiri alikuwa ameandika "bata mwitu" mara tisa, "bata maji" mara nne, na "bata bukini" mara moja. Hatukumcheka mfasiri huyo. Tulipofungua kamusi zetu ili tumsahihishe, tulikuta kwamba na sisi hatuna cha kumpa.

Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi hali hiyo ilivyotokea. Tutaanza na historia ya neno "bata", kisha tutatazama ndege wenyewe na tabia zao, na mwisho tutaeleza njia ambayo kwa maoni yetu inafaa kufuatwa katika kuwapa majina. Hoja yetu ni moja: upana wa neno "bata" si aibu kwa Kiswahili, lakini wakati umefika wa kuligawa, na ugawaji huo hauna budi kutokana na tabia za ndege, si na majina waliyopewa na wageni.

Asili ya neno "bata"

Wataalamu wa asili ya maneno wametaja chimbuko mbili za neno hili. Wapo wanaosema kuwa limetokana na Kiarabu, ambamo ndege hawa kwa jumla huitwa "batt" na mmoja wao huitwa "batta". Wapo pia wanaolihusisha na neno la Kireno "pato". Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakajenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593, na wakatolewa humo mwaka 1698. Katika muda huo wa karne mbili walituachia maneno kama vile meza, leso, bendera, pipa na padri. Kwa hiyo dai la Kireno si la kupuuzwa.

Hata hivyo, sauti zenyewe zinaelekea upande wa Kiarabu. Maneno ya Kireno yanayoanza kwa sauti "p" yalipoingia katika Kiswahili yalibaki na sauti hiyo: pipa ni pipa, na padri ni padri. Vilevile irabu "o" ya mwisho imebaki katika neno kama leso. Tungetazamia basi kwamba "pato" ingebaki "pato". Neno "batta" la Kiarabu, kwa upande mwingine, lina "b" mwanzoni na "a" mwishoni, na halihitaji kugeuzwa sana ili liwe "bata". Yafaa pia ikumbukwe kuwa wako wataalamu wanaoona kuwa hata neno "pato" la Wareno na Wahispania lilitokana na neno hilohilo la Kiarabu, wakati Waarabu walipotawala sehemu kubwa ya nchi zao. Ikiwa ndivyo, basi njia zote mbili zinarudi kwenye nyumba moja.

Lakini asili ya neno ni jambo moja, na ndege anayetajwa na neno hilo ni jambo lingine. Bata wengi wanaofugwa katika miji na vijiji vyetu, wale wazito wenye nyama nyekundu usoni na wasiopiga kelele nyingi, ni wa spishi iitwayo kisayansi Cairina moschata. Ndege huyo asili yake ni Amerika, kuanzia Meksiko hadi kusini mwa bara hilo. Hakuweza kuufikia ufuko wetu kabla ya safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492. Bata wengine wa kufugwa, wale wanaolia kwa sauti kubwa, wote wametokana na bata wa mwituni wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini aitwaye Anas platyrhynchos. Hakuna kati ya hawa wa kufugwa aliyetokana na bata wa mwituni wa Afrika Mashariki.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo letu. Bata wa mwituni walikuwapo katika maziwa, mito na vinamasi vya nchi hizi kabla ya chombo chochote cha kigeni kutia nanga. Lakini neno lililoshika nafasi katika lugha ya watu wote ni lile lililozoeleka kwa ndege wa uani. Baadaye, tulipohitaji kuwataja wale wa ziwani, tulichukua jina la ndege wa uani tukaliongezea neno "mwitu" au "maji". Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jina.

Majina yenye nchi ndani yake

Kiswahili kilipotaka kutofautisha ndege wakubwa wa kufugwa, kilitumia njia ya kuongeza neno la pili. Tukapata "bata bukini" na "bata mzinga". Bukini ni jina la zamani la kisiwa cha Madagaska katika lugha ya watu wa pwani, na jina hilo la ndege limehifadhi kumbukumbu ya safari za majahazi kati ya pwani yetu na kisiwa hicho. Bata mzinga naye, kwa mujibu wa sayansi, si bata hata kidogo. Yuko karibu zaidi na kuku, kanga na kware.

Lugha nyingine hazikutenda vizuri zaidi. Huyo bata mzinga wetu, ambaye asili yake ni Amerika, Waingereza wamempa jina la nchi ya Uturuki. Waturuki wenyewe wamempa jina la Uhindi, na Wafaransa vivyo hivyo. Waholanzi wamempa jina la mji wa Calicut, Waarabu humwita jogoo wa Rumi, na Wareno wamempa jina la Peru. Ndege mmoja amepewa nchi nyingi, na karibu zote si kwao. Bata wa uani kwetu naye huitwa na Waingereza kwa jina la Moscow, na Wafaransa humwita bata wa pwani ya kaskazini mwa Afrika.

Tunayataja haya kwa sababu mfasiri wa Kiswahili akiyafasiri majina ya kigeni neno kwa neno, huyabeba makosa yote ya wageni na kuyaongezea ya kwetu. Mfano ulio wazi ni ndege aitwaye Alopochen aegyptiaca. Ni ndege mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye doa la kahawia iliyokoza kuzunguka jicho, naye huonekana wawili wawili kandokando ya maziwa na mito yetu karibu yote. Jina lake la Kiingereza likifasiriwa kama lilivyo, tutapata "bata bukini wa Misri". Hapo nchi mbili zimeingia katika jina la ndege mmoja ambaye huzaliana kando ya Ziwa Naivasha, na ambaye makazi yake yanafika hadi kusini kabisa mwa Afrika. Zaidi ya hayo, wanasayansi wamekwisha kueleza kuwa nasaba yake ni tofauti na ile ya bata bukini halisi.

Wanasayansi nao walianza na neno moja

Huenda msomaji akadhani kuwa kuwaweka ndege wengi chini ya neno moja ni dalili ya uchache wa maneno. Historia ya sayansi haikubaliani na dhana hiyo. Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake cha Systema Naturae, ambayo ndiyo msingi wa majina ya kisayansi ya wanyama hadi leo. Katika kitabu hicho aliwatia bata, bata bukini na hata mabata maji wakubwa wenye shingo ndefu wa Ulaya katika jenasi moja, Anas, neno la Kilatini lenye maana ya bata. Alifanya vilevile kama alivyofanya Mswahili.

Waliomfuata waliigawa jenasi hiyo hatua kwa hatua, kadiri walivyozidi kujua maumbile na mienendo ya ndege hao. Kazi hiyo haijakoma. Katika miaka ya 2010 baadhi ya bata waliokuwa wamebaki ndani ya Anas waliondolewa na kupelekwa katika jenasi ya Spatula, baada ya uchunguzi wa chembe za urithi. Kwa hiyo neno pana lilikuwa mwanzo wa elimu. Kosa lingekuwa kuishia hapo.

Tena watu wa kale wa bonde la Mto Nili walikwisha kuonyesha kwamba bata mmoja anaweza kutofautishwa vizuri na mwingine. Katika maandishi yao ya picha, Wamisri wa kale walitumia umbo la bata mwenye mkia uliochongoka (Anas acuta) kuandika neno lenye maana ya "mwana", kwa kuwa konsonanti za maneno hayo mawili zilifanana. Cheo cha mfalme cha "mwana wa Ra" kiliandikwa kwa bata huyo pamoja na duara la jua. Mwandishi hakuchora bata yeyote tu. Alichora yule mwenye mkia mrefu, na msomaji alimtambua. Bata huyohuyo bado huhama kutoka nchi za kaskazini kila mwaka, na baadhi yao hufika hadi maziwa ya Afrika Mashariki.

Ndege wenyewe na tabia zao

Ndege wote wa familia ya bata wana vidole vya mbele vilivyounganishwa kwa utando, na karibu wote wana mdomo mpana wenye vichano pembeni vya kuchujia chakula. Hujipaka mafuta yanayotoka katika tezi iliyo juu ya mkia, na manyoya yao yaliyopangika vizuri huzuia maji yasiingie. Vifaranga vyao huanguliwa vikiwa na manyoya na macho yaliyofunguka, na baada ya muda mfupi humfuata mama majini. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba bata hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa mkupuo mmoja. Kwa muda wa wiki kadhaa hawawezi kuruka, na hujificha katika matete. Huo ndio wakati wanapokuwa katika hatari kubwa mbele ya mwindaji.

Baada ya sifa hizo za pamoja, tofauti huanza. Wapo bata wanaokula juu ya maji kwa kuinamisha kichwa na kuinua mkia, na wapo wanaozama na kutafuta chakula chini. Wapo wanaotaga chini katika nyasi, na wapo wanaotaga katika matundu ya miti.

Bata wa jenasi ya Dendrocygna wana miguu mirefu na husimama wima. Sauti yao ni kama mtu anayepiga mbinja, na aghalabu husikika usiku wanapokwenda kula katika vinamasi na mashamba ya mpunga. Dume na jike huatamia kwa zamu. Mmoja wao, mwenye uso mweupe, hupatikana Afrika na Amerika ya Kusini pia.

Bata aitwaye Plectropterus gambensis ndiye mkubwa kuliko wote katika Afrika. Dume lake huweza kuzidi kilo 6, na kwenye kiungo cha bawa ana mwiba mgumu anaoutumia katika mapigano. Kinyume chake ni Nettapus auritus, ambaye hafiki hata nusu kilo. Huyu hukaa katikati ya mayungiyungi, hula mbegu zake, na hutaga katika matundu ya miti. Wageni wamempa jina linalomhusisha na bata bukini, ingawa yeye ni bata mdogo.

Sarkidiornis melanotos ni bata ambaye dume lake lina kinundu kikubwa juu ya mdomo. Anas sparsa ni bata mweusi apendaye vijito vya milimani vyenye maji yaendayo kasi. Oxyura maccoa ana mkia mgumu anaoweza kuuinua wima. Dume lake huwa na mdomo wa buluu wakati wa kuzaliana, na idadi ya ndege hao imepungua kiasi cha kuwatia wataalamu wasiwasi. Wapo pia wageni wa msimu, kama Spatula querquedula, ambaye huzaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika kukwepa majira ya baridi.

Hao wote, katika orodha tuliyoletewa, walikuwa "bata mwitu" au "bata maji".

Bata gani?

Baada ya kushindwa na kamusi, tuliona vema kuwaendea wanaoishi na ndege hao. Katika kijiji kimoja chenye mashamba ya mpunga tulimkuta mzee mmoja mvuvi. Tulimwamkia shikamoo, tukamweleza kwamba tunatafuta majina ya bata wa mwituni. Alituuliza: "Bata gani, wanangu? Bata ni wengi kama watu."

Kisha akaanza kuwapambanua, wala hakuanza na rangi. Alianza na mwenendo. Yupo, alisema, ajaye usiku akipiga mbinja, na asubuhi utakuta mpunga umelala. Yupo alalaye mtini. Yupo asiyetoka katika mayungiyungi hata umkaribie kwa mtumbwi. Yupo mkubwa, ambaye ukimkamata vibaya atakuchana mkono kwa bawa. Kwa kila mmoja alikuwa na jina katika lugha yake ya asili. Tulipomwuliza kwa Kiswahili wote huitwaje, alitabasamu akasema: "Kwa Kiswahili? Bata."

Majina aliyotupa tumeyahifadhi, na tutayachapisha baada ya kuyalinganisha na ya vijiji vingine. Lakini funzo lake hatuna haja ya kulingojea. Elimu ya kupambanua ndege hawa ipo nchini. Haijapata mlango wa kuingilia katika Kiswahili sanifu.

Kwa nini jambo hili si dogo

Kuna watakaosema kuwa tunapoteza wakati kwa ndege ambao raia wengi hawana haja ya kuwatofautisha. Tunawaomba wazingatie mambo mawili.

Kwanza, mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Sheria za wanyamapori huwa na majedwali ya viumbe, na mikataba ya kimataifa nayo huwa na viambatisho vyake. Bata mwenye kinundu, kwa mfano, yumo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa kusimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973. Anas undulata, bata mwenye mdomo wa manjano anayeonekana sana katika maziwa ya nyanda za juu, hayumo. Iwapo wote wawili wataandikwa "bata mwitu", ofisa wa forodha atashindwa kutimiza wajibu wake, na mwananchi anaweza kushtakiwa kwa neno lisilomwonya.

Pili, ndege hawa hutegemea maji, na maji yanapungua. Mto Ruaha Mkuu, unaotokana na Bonde la Usangu na kinamasi cha Ihefu, ulikauka katika sehemu ya hifadhi wakati wa kiangazi cha mwaka 1993, na hali hiyo ilijirudia katika miaka iliyofuata. Kinamasi kinapokauka, bata huhama. Wakihama kwa miaka mingi, watoto wa kijiji hukua bila kuwaona, na jina humfuata ndege. Mwanaistilahi atakayefika baadaye atakuta kinamasi kikavu na wazee wamekwisha kufariki.

Mapendekezo

Tunapendekeza kanuni tatu. Ya kwanza, neno "bata" libaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa limekwisha kukubalika na watu wote. Ya pili, neno la kupambanua litokane na tabia au umbo linaloonekana kwa macho au kusikika kwa masikio, na lisitokane na nchi wala na tafsiri ya neno kwa neno. Ya tatu, pale ambapo lugha zetu za asili zina jina moja lililoenea katika eneo kubwa, jina hilo lipewe nafasi ya kwanza kabla ya kuunda lingine.

Kwa kufuata kanuni ya pili, tunaleta mbele ya wasomaji majina haya ya majaribio: bata mbinja kwa jenasi ya Dendrocygna, bata mwiba kwa Plectropterus, bata kinundu kwa Sarkidiornis, bata yungi kwa Nettapus, bata mkia-wima kwa Oxyura, na bata kijito kwa Anas sparsa. Alopochen tumemwacha kwa makusudi bila jina. Ni ndege anayejulikana mno na watu wengi, na hatuamini kwamba hana jina lake mahali fulani.

Walimu walio karibu na maziwa, mito na vinamasi tunawaomba watusaidie. Wawatume wanafunzi wao kwa wazee na wavuvi, waandike jina, lugha, mahali, na zaidi ya yote tabia ya ndege anayetajwa, kwani jina lisilo na maelezo halitufai. Wafasiri nao tunawaomba kwamba, hadi majina haya yatakapokubaliwa, waandike jina la kisayansi kando ya neno "bata" badala ya kuandika "bata mwitu" na kupita.

Orodha tuliyoletewa bado iko mezani petu. Tumemwomba aliyeileta atupe muda, naye amekubali. Tungependa tutakapomrudishia, kila ndege kati ya wale kumi na wanne awe ana jina ambalo yule mzee wa mashamba ya mpunga akilisikia hatahitaji tena kutuuliza: bata gani?